Laini Iliyopinda Kikole

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia siwezi, ungenikatiza hapo hapo. Nina habari, Baba! Nimeishikilia tangu jana adhuhuri. Chai ya leo nimeimwaga mara mbili, na Kaka Athumani ananiambia nimezeeka vibaya. Mwache aseme. Habari yenyewe ni hii: wamerudi. Watafuta mafuta wamerudi Kikole, na jambo la kwanza waliloliuliza mkutanoni ni lile letu, lako wewe na langu mimi.

Barua hii naiandika waziwazi, asome atakayesoma. Wengi watakaoisoma hawakukujua, kwa hiyo uniwie radhi nikisimulia mambo unayoyajua kuliko mimi. Miaka yote niliyofundisha shule ya msingi niliwaambia watoto waanze mwanzo, na leo mwenyewe natamani kurukia mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza, na redio ya mwenyekiti wa kijiji ilimtaja nduli asubuhi, mchana na jioni. Kaka Athumani alikuwa mgambo, akaitwa pamoja na vijana wenzake, wakapanda lori na kwenda zao kaskazini ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Mama alimfungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa. Lori lilipoondoka akabaki amesimama barabarani, akasahau kwamba amebeba ndoo ya maji kichwani.

Wewe hukuwepo siku hiyo. Ulikuwa kambini, porini, na kambi yenu ilikuwa na haraka kuliko jeshi. Gesi ilikuwa imeshaonekana Songo Songo miaka michache kabla, kwa hiyo kila mtu aliamini kwamba mafuta nayo yako hapa hapa chini ya miguu yetu. Na nchi ilikuwa inayahitaji. Vita vilikuwa vinakunywa dizeli yote. Ulikuwa ukisema kwamba gesi ni jambo jema lakini bado hujaona lori linaloikubali.

Kazi yako ilikuwa kukata laini, na wewe ndiye uliyekuwa kiongozi wa wakataji. Kwa asiyejua, laini ni njia iliyonyooka inayofunguliwa porini kwa panga. Kwanza mti mmoja mmoja unafungwa alama, kisha wakataji wanafuata alama hizo, nyuma yao wanakuja wachimbaji wa mashimo, kila shimo linatiwa baruti. Baruti ikilipuka ardhi inatikisika, na vyombo vinasikiliza kilichojificha chini. Laini ikipinda, vyombo vinasema uongo. Ndiyo maana ulijigamba hivi mbele ya kila mtu, hata mbele ya shemeji zako: "Laini haina mjomba. Ikipita jikoni kwangu, nabomoa jiko."

Tulikuchoka na laini yako, Baba. Ulikuwa ukirudi nyumbani Ijumaa na kutazama safu ya mihogo ya Mama kwa jicho moja, halafu unamwambia imekaa kama mtu aliyelewa.

Sasa vita vikaifikia kambi pia. Malori yenu mawili yakachukuliwa kubeba askari. Mafuta ya jenereta yakawa yanapimwa kwa kopo. Utepe wa plastiki wa kufungia alama, uliokuwa ukitoka ng'ambo, ukaisha na mwingine haukuja. Bwana Mpimaji, yule mkubwa wenu kutoka Dar es Salaam, akatuma mtu Kilwa Masoko kwenye duka la nguo, akarudi na jora la bendera, kile kitambaa chekundu cha pamba. Mkalichana vipande vipande hapo kambini, na wewe ukatangulia mbele wiki kadhaa peke yako, ukifunga mti kwa mti.

Ulifikiria nini, Baba? Wewe, mtoto wa hapa hapa! Ulikuwa umeizoea laini kiasi cha kusahau kwamba kwetu kitambaa chekundu hakifungwi mtini hivi hivi. Kinafungwa na anayewaomba wazee waliotangulia. Wanawake waliokwenda kuokota kuni wakakuta bendera zimefungwa mti baada ya mti, zimenyooka, zinatoka pori hili na kuingia pori lile, na hakuna mtu, hakuna nyayo, hakuna panga lililopita. Wakarudi mbio bila kuni. Bibi mmoja akasema ni wazee wenyewe wanawafungulia vijana wetu njia ya kurudi kutoka vitani. Hakuna aliyembishia. Nani angependa kumbishia?

Ndipo akina mama wenye watoto vitani wakaanza kwenda. Mama alichagua mti wa msolo, kwa kuwa msolo ni mti wa kuombea tangu zamani, na huu ulikuwa na bendera mpya. Kila Alhamisi asubuhi alikwenda na unga wa mtama. Aliumimina taratibu chini ya mti kwa vidole vitatu mpaka ukasimama mfano wa kichuguu chenye ncha, akamtaja Athumani, kisha akaufunika kwa chungu kidogo. Kuufunua siku hiyo ni mwiko. Ijumaa jua likichomoza ndipo anafunua. Unga ukikutwa umesimama, mtoto yu hai na atarudi. Ukikutwa umebomoka, basi. Hakuwa akiimalizia sentensi hiyo.

Usiniulize ilipatanaje na swala zake tano. Alisali na akaomba msoloni, na vyote viwili alivifanya kwa moyo mmoja.

Wewe hukujua lolote kati ya hayo, maana ya msoloni akina mama hawakuyapeleka kwa waume zao. Siku uliyojua nilikuwepo, na nikifumba macho sasa hivi naiona. Shule zilikuwa zimefungwa, Mama amenituma nikuletee kisamvu cha nazi, maana ulidai maharage ya kambi yanakuua. Nikafuata laini kwa kusikiliza mapanga. Mara mapanga yakanyamaza. Nikakukuta umesimama mbele ya msolo, panga limeshuka, wenzako wanakutazama. Chini palikuwa na chungu chetu, kile chenye mdomo uliomeguka.

"Mama," ukaniambia, kwa sababu nina jina la mama yako, "hiki kimefikaje huku?"

Nikakueleza yote, kwa pumzi moja. Nilidhani unajua. Nilipofika kwenye bendera ulikaa chini.

"Wanasema nani kazifunga?"

"Wazee."

Ukajifuta uso kwa fulana. Msolo ulikuwa katikati kabisa ya laini, ulipaswa uangushwe na shimo la baruti lichimbwe pale pale. Ukainuka, ukauzunguka mti mara moja, ukatazama ulikotoka na unakokwenda. Halafu ukawaambia wenzako neno ambalo nadhani lilikuuma kuliko jino: "Pindeni."

Hakuna aliyesogea. Mmoja akadhani unatania.

"Nimesema pindeni. Tunapita kule chini, tunauacha mti mbali, tunarudi mbele."

Bwana Mpimaji alifika kabla sijaondoka. Aliinama kwenye darubini yake ya miguu mitatu, akainuka, akainama tena. "Mzee Bakari, hii ni laini au nyoka?" Akasema kwa sauti ya chini kwamba nchi iko vitani, kwamba kuharibu kazi hii siku hizi kunaitwa hujuma, na watu wanafungwa kwa hujuma. Lile neno nililijua kutoka redioni. Nikashika bakuli la kisamvu kwa mikono yote miwili.

Ungeweza kumwambia kuna nyuki. Ungeweza kumwambia kuna kaburi. Ukamwambia: "Bwana mkubwa, mwanangu yuko Kagera, na mama yake anamwombea hapa. Mimi ndiye niliyefunga kitambaa kilichomdanganya. Siwezi tena kumlipulia na mti wenyewe."

Alinitazama mimi, akatazama chungu. Mwisho akatoa kidaftari, akaandika, na akakusomea alichoandika: "Kichaka kizito, laini imezungushwa." Akafunga kidaftari na kusema hataki kulizungumza tena. Nilimpenda mtu yule siku hiyo hiyo, na jina lake hata silijui.

Lakini baruti haikuwa na subira. Ilipangwa Alhamisi. Ulimwomba asogeze mpaka Ijumaa mchana, akakuambia dizeli ya jenereta inatosha siku moja tu, ikiisha kambi inafungwa. Kwa hiyo Alhamisi Mama akaenda asubuhi, akamimina, akafunika, akarudi. Alasiri ardhi ikaanza.

Wewe ulikuwa kule, huujui upande wa kijijini. Kuku walikimbilia ndani. Watu walidhani vita vimeshuka mpaka Kilwa. Jirani yetu mmoja alibeba godoro na kumsahau mkewe, na mpaka leo mkewe anamkumbusha. Mama alisimama uani, ameshika kifua, anahesabu milipuko kwa midomo. Alikuwa anafikiria chungu. Alipiga hatua tatu kuelekea porini, akakumbuka mwiko, akarudi kukaa. Akaniambia, "Ukibomoka leo, nitajuaje kama ni yeye au ni baruti?" Nikachukua bakuli tupu nikasema nakupelekea chakula, nikakimbia.

Nilikukuta umeshafika msoloni. Ulikuwa unahema, na vumbi limekujaa mpaka kwenye kope. Ulinitazama, nikakutazama, halafu ukasema bismillahi na kufunua chungu.

Unga ulikuwa umelala chini wote, Baba. Umetawanyika, hauna hata alama ya ncha.

Nililia. Nilisema Kaka amekufa, nikalisema kwa sauti, na wewe ukaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka baruti. "Hajafa. Hii ni kazi yangu mimi, si yake." Ukapiga magoti. Ukaukusanya ule unga kwa mikono yenye sugu, chembe kwa chembe, ukautenga na mchanga, ukaanza kuujenga. Ukabomoka. Ukajenga tena. Ulikuwa mtu wa kuangusha miti, vidole vyako havikujua kazi nyepesi namna ile, na jasho lilikuwa linakudondoka ukageuza uso pembeni lisiangukie unga. Mara ya nne unga ukasimama. Ukaufunika.

"Hili ni langu na lako," ukaniambia. "Usije ukamwambia mama yako."

Ijumaa asubuhi Mama alifunua, na vigelegele vyake vilisikika mpaka kisimani. Ardhi imetikisika nzima na unga wa Athumani umesimama! Alipika wali siku ya kazi. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia akina mama wenzake. Mimi nilishindwa kula. Nikikusalimia nilikuwa nakwepa macho yako. Sikuogopa kwamba tumemdanganya Mama. Niliogopa kwamba tumewadanganya wazee, na kwamba watamshika Kaka huko aliko kwa kosa letu. Miezi yote iliyofuata, kila gari lililosimama barabarani nilidhani limeleta taarifa ya kifo. Na wewe pia, usikatae. Nilikuona ukitoka nje kila linapopiga honi.

Kambi ilifungwa, mafuta hayakuonekana, ukarudi kwenye mikorosho. Vita vikaisha. Wengine wakarudi, Kaka bado. Kisha siku moja tulikuwa uani tunapepeta mtama, akatokea nyuma ya nyumba kama mtu aliyetoka kuoga mtoni, amekonda, amevaa buti za jeshi. Nilipiga kelele. Wewe ulikaa kwenye kinu, kinu chenyewe kina mahindi ndani. Mama alimtazama kuanzia juu mpaka chini akamwambia, "Vua hizo, nimefagia." Halafu akachuchumaa, akaanza kumfungua kamba mwenyewe.

Hukusema kitu hata siku ile. Wala siku zilizofuata, mpaka ulipotutoka. Mimi nami nikanyamaza, nikazoea, na jambo lenyewe likazidi kukua mikononi mwa Mama. Amelisimulia kwa wajukuu, amelisimulia kwa vitukuu: unga uliosimama wakati dunia inatikisika. Siku hizi haoni vizuri na anasikia anachotaka, lakini hicho kisa anakisimulia bila kukosea neno. Nani angethubutu kumnyang'anya?

Basi, jana. Sasa nimefika, Baba!

Mwenyekiti alituita mkutanoni. Petroli imepanda tena kwa sababu ya vita vya watu wa mbali, vijana wa bodaboda wananung'unika, na wakubwa wamekumbuka kwamba Kilwa ipo. Aliyekuja kuongea nasi ni binti, anaitwa Rehema, mtaalamu wa miamba, hajafika hata umri wa binti yangu mdogo. Alitusalimia vizuri, akafungua ramani ya zamani ukutani. Laini zote zimenyooka. Moja tu ina kigongo.

Baba, nilikiona kutoka mstari wa nyuma. Nilitaka kusimama juu ya benchi! Kigongo chako! Kipo kwenye ramani ya serikali, kimechorwa kwa wino, wataalamu wanakipeleka Dar na kukirudisha, na hakuna anayejua ni nini.

"Wazee wangu," Rehema akasema, "hapa waliandika kichaka kizito. Tumekwenda, kichaka hakuna, kuna mti mmoja. Tunahofia chini kuna pango na wenzetu hawakuandika. Mwenye kujua atuambie, maana mashine zetu ni nzito na kuna watu juu yake. Kama hakuna anayejua, hatutapita hapo. Tutahamishia laini huku." Kidole chake kikatua juu ya mikorosho ya Athumani.

Kaka akageuka kunitazama. Hajui kitu, maskini, aligeuka tu kwa kuwa mimi ndiye mjuaji wa familia. Na Mama alikuwa mbele kabisa, kwenye kiti chake cha plastiki, ametega sikio. Nikaona yote mawili pamoja. Nikinyamaza, mikorosho uliyoipanda wewe inang'olewa kwa ajili ya pango ambalo halipo. Nikisema, namvunjia Mama unga wake mbele ya kijiji kizima.

Nilisimama. Nikasema, "Hakuna pango. Laini aliipinda baba yangu," na baada ya hapo sikuweza tena kuishia njiani. Nilisema kitambaa cha bendera kimetoka duka gani na kwa nini. Nilisema nani alikifunga. Nilisema Alhamisi ile, na unga uliolala, na magoti yako, na mara ya nne. Nilikuwa namtazama Rehema muda wote kwa sababu upande wa Mama nilishindwa kutazama. Nikamaliza. Kaka Athumani alikuwa amevua kofia na ameishika kifuani, mzee mzima.

Mama akauliza, "Mwanahawa, umesema Bakari ndiye aliyeusimamisha?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Nisamehe."

"Ndiyo maana," akasema. "Niliona alama ya dole gumba ubavuni mwa unga. Nikajiambia, kumbe wazee wetu nao wana madole makubwa. Kwa hiyo siku zote zile nimekuwa nikimshukuru mume wangu bila kujua!"

Mkutano mzima ulipasuka kwa kicheko, Baba. Mwenyekiti alicheka mpaka akakaa. Na Mama mwenyewe akacheka, kisha akaanza kulia katikati ya kicheko, akajifuta kwa upindo wa khanga. "Angeniambia," akasema, polepole, si kwa ajili yetu. "Ningemwambia na mimi kwamba naogopa."

Nilikwenda nikachuchumaa karibu yake. Rehema naye alikuja, akapiga magoti upande wa pili. Nakuapia yule mtoto ana adabu. Akamshika mkono akamwambia, "Bibi, ule mti tumeuona, bado upo. Laini mpya tunaweza kuizungusha pale pale alipoizungusha babu. Ni wewe tu useme."

Mama alimpapasa uso kwa kuwa hamwoni vizuri.

"Inyosheni, mjukuu wangu," akasema. "Mwanangu alisharudi."

Nimekuletea maneno yake kama alivyoyatamka, Baba, maana nadhani ulikuwa unayangoja. Lala salama. Ulinifunga mdomo nilipokuwa mtoto na nikakutii mpaka jana. Usinune, nimeufungua kwa ajili ya mikorosho yako.

Ni mimi,
Binti yako uliyekuwa ukimwita Mama